Shangazi Halipi Mshahara

Mimi sipendi kazi ya nusu nusu. Mtu akija hotelini kwangu kuomba kibarua namwambia wazi: hapa Kitale moto unawashwa kabla jogoo hajafikiria kuwika na unazimwa giza likiingia, na katikati hakuna kwenda kusoma, kwenda kwa mpenzi wala kwenda kwa maombi. Anayetaka, avae aproni. Asiyetaka, mlango ni ule ule alioingilia. Wabwile, mpishi wangu, husema nina mdomo wa kufukuzia ndege shambani. Namwambia ndiyo maana huoni ndege hapa.

Kwa hivyo siku Nambozo alipoingia hakuchagua wakati mzuri. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa hadi wengine wanakula wamesimama. Msichana mwembamba, sketi ndefu, mkoba wa vitabu ameukumbatia kifuani. Akasimama mbele yangu, akasema:

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Ninatafuta ajira ya muda baada ya vipindi vyangu vya masomo."

Meza nzima ya wauza viatu ikaangua kicheko. Si kwamba alikosea. Shida yenyewe ni kwamba hakukosea hata kidogo. Hapa kwetu mtu husema "Mathe, kuna kazi?" na mambo yanaisha. Huyu alizungumza kama anayesoma taarifa ya habari redioni.

"Umetoka wapi wewe?" nikamwuliza huku napakua ugali.

"Nimetoka Uganda, mama. Ninasoma Kiswahili hapa Kitale."

Wabwile akatoa kichwa jikoni. "Ati anasoma nini? Kiswahiri? Si hiyo angejifunza tu hapa kwa meza, bure, bana!"

Msichana hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe, akanieleza. Kwao sasa Kiswahili kinatakiwa shuleni na walimu wa kukifundisha hawapo. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyosomea mwenyewe alimwahidi darasa, mradi arudi na cheti. Chuo chake kiko nyuma ya kanisa, vipindi vinaanza asubuhi na kwisha saa ya chakula. Alikuwa amezunguka mji mzima, madukani, saluni, hata kwa wauza simu, na kila mahali walitaka mtu wa kutwa. Na chuoni walikuwa wameambiwa kwamba asiyemaliza karo hatafanya mtihani.

"Nikikosa kibarua nitarudi nyumbani bila cheti," akasema. "Na nikirudi, sidhani nitapata njia ya kuja tena."

"Pole," nikamwambia. "Hapa hakuna nusu siku. Mchagua jembe si mkulima."

Akasema asante mama, akatoka na mkoba wake. Ningemsahau kabla sahani inayofuata haijajaa, kama si habari ya Mayi.

Mayi ni mama yangu. Kwetu Kabuchai mama ni Mayi, na hata wateja wangu wanamwita hivyo, ingawa wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Mwaka jana aliteleza kwenye matope akitoka kukamua, akavunjika nyonga. Hospitalini wakamtengeneza vizuri, lakini ndugu yangu Wangila akasema shambani hakuna wa kumwangalia, basi nikamleta kwangu Matisi, mtaa wa hapa Kitale. Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo na gongo. Yeye akasema hawezi kutembea mbele ya watu wa Kitale kama mbuzi aliyegongwa na pikipiki. Tangu aje hakuwa amevuka mlango wa mbele.

Asubuhi jirani yangu Chepkirui alikuwa akimchungulia, lakini mchana Chepkirui huenda kuuza maziwa, na Mayi alibaki akiongea na ukuta. Wasichana niliwaandika, na wote aliwafukuza. Mmoja aliambiwa anafagia kama anayechora. Mwingine aliambiwa uji wake unafaa kubandikia matangazo. Na chakula alikuwa anadonoa tu, hadi nguo zikaanza kumpwaya. Hilo lilikuwa linaninyima raha kabisa, maana Mayi nimjuaye mimi alikuwa mwanamke wa kujitwika gunia la mahindi bila kuomba mtu amwinulie.

Nikamkimbilia yule msichana na mwiko mkononi. Nikamkuta karibu na kituo cha mafuta.

"Wewe! Unaweza kukaa na mama mzee anayetukana?"

Akafikiri kidogo. "Anatukana kwa lugha gani?"

"Kibukusu. Hutasikia kitu, usijali."

Niliona kama ametabasamu, lakini sikulitilia maanani. "Basi nitavumilia," akasema.

Jioni hiyo nikampeleka nyumbani. Nikamwambia Mayi, nimekuletea Mganda. Kwetu hapa mtu yeyote wa ng'ambo ya mpaka ni Mganda, hatuna muda wa kuchambua. Mayi akamtazama juu hadi chini, akasema kwa Kibukusu, "Kwani wasichana wa Kenya wameisha, mpaka umeanza kununua nje?"

Nambozo akapiga magoti na kumsalimu kwa mikono miwili. Mayi akageuka, akauambia ukuta, "Magoti anayajua."

Basi ikawa hivyo. Vipindi vikiisha, Nambozo anakuja Matisi. Anamwosha Mayi, anatandika, anafua, anapika, halafu anaketi chini kando ya kitanda na kusoma kitabu chake kwa sauti. Alikuwa amejiapiza asitamke neno la lugha nyingine hadi afanye mtihani. Mayi akimchamba kwa Kibukusu, kwamba anakunja blanketi kama chapati, yeye anajibu kwa kile Kiswahili chake cha redio, "Pole sana nyanya, nitarekebisha." Na kweli anarekebisha. Mimi nilidhani ni bahati tu, ati ana akili ya kusoma uso wa mtu. Kumbe!

Siku moja mvua ilinyesha hadi wateja wakakosekana, nikafunga mapema. Nilipofika kwenye lango nikapata harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto. Malewa. Kwa asiyejua, malewa ni machipukizi ya mianzi ya huko mlimani Elgon. Yanakaushwa kwa moshi, yanalowekwa, yanachemshwa weee, kisha yanaungwa kwa njugu za kusaga. Mayi alizaliwa upande wa mlimani, Kabuchai alikuja kuolewa tu. Sikujua kwamba alikuwa na hamu nayo, maana mimi hakuniambia. Aliuambia ukuta.

Nikaingia chumbani. Mayi ameketi kitandani, sahani tupu mapajani, anaipangusa kwa kidole. Nambozo yuko kwenye mkeka, na Mayi amemshika mkono pale kwenye kiwiko, hataki kumwachilia. Walikuwa wanaongea. Mmoja kwa Kibukusu, mwingine kwa kitu ambacho si Kibukusu hasa, mdundo wake wa kwingine, lakini nilisikia kila neno.

"Mayi, unaongea na nani?"

"Na mtoto wa ndugu yangu!" Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Na wewe, ati Mganda! Mganda gani huyo anajua kupika malewa? Huyu ni Mgisu. Baba yake ni wa Bamasike, Phelista. Bamasike!"

Nikakaa kwenye kiti. Mgisu wa upande wa Uganda na Mbukusu wa huku ni ndugu, hilo kila mtu hapa anajua. Mpaka ulitukuta tayari tunaishi. Lakini Bamasike ni ukoo wa Mayi mwenyewe, ukoo wa kuzaliwa. Na kwetu ukoo unafuata baba, kwa hivyo msichana wa ukoo wenu ni mtoto wa ndugu yako, hata kama huyo ndugu hujawahi kumtia machoni. Wewe ni shangazi yake, kwisha maneno. Damu nzito kuliko maji.

"Kwa hivyo siku hizi zote ulikuwa unasikia kila kitu?" nikamwuliza Nambozo.

"Kila kitu, mama."

"Hata ile ya kununua nje?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. "Hiyo niliicheka njia nzima hadi hosteli."

Tangu siku hiyo Mayi akala. Nawaambia alikula! Asubuhi Chepkirui anapewa salamu za heshima, jioni mimi naulizwa biashara ilikwendaje. Mchana ulikuwa wa wawili hao. Nambozo alilegeza kiapo chake kwa ajili ya shangazi peke yake, na Mayi naye akakubali kusikiliza mazoezi ya Kiswahili, tena akawa anamsahihisha, yeye ambaye Kiswahili chake ni cha "mimi nataka kurara sasa". Siku nyingine nilirudi nikamkuta Mayi amelala, Nambozo anamchana nywele polepole asimwamshe. Nilisimama mlangoni nikawatazama. Nilikuwa na furaha mimi, siwezi kudanganya.

Halafu mwezi ukaisha na mimi nikaharibu.

Mimi ni mtu wa kulipa bila kukumbushwa. Nikaweka mshahara wa Nambozo kwenye bahasha, nikaingia nao chumbani, nikamnyooshea pale pale mbele ya Mayi. Sikufikiri. Mbukusu mzima, na nywele zangu hizi za mvi!

"Hiyo ni nini?" Mayi akauliza.

"Mshahara wake."

Mayi akajisukuma juu ya mto hadi akakaa wima. "Phelista. Mtoto wa ndugu yangu ananiosha mgongo, na wewe unauwekea pesa mkono ule ule? Watu wa kwetu waseme nini? Kwamba nilizeeka mpaka nikainunua damu yangu? Mtumishi ndiye analipwa. Mtoto analipwa? Wewe nilikulipa ukinitekea maji?"

"Mayi, hii ni kazi alikuja kutafuta..."

"Alikuja akiwa mgeni. Sasa si mgeni. Rudisha."

Nambozo aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akamtazama Mayi. Kisha akapiga magoti, akanirudishia kwa mikono miwili. "Shangazi amesema," akasema.

Nilichemka. Nikamfuata hadi langoni, nikajaribu kumtilia ile bahasha kwenye mkoba. Akarudi nyuma.

"Hapana, mama. Nikichukua huku nje, kesho nitamwosha nikiwa mwongo."

"Na karo je?"

Akaangalia barabara. "Habari ya karo sijamwambia. Mgonjwa hapelekewi shida."

"Sasa utafanya nini? Mkono mtupu haulambwi, wewe mtoto!"

"Kuna mama mmoja wa Misikhu anauza mitumba. Anataka mtu wa kukaa kibandani kutwa, siku zote. Nitaanza wiki ijayo. Ijumaa nitakuja kumuaga shangazi vizuri." Sauti yake ilianza kuyumba, akaikaza. "Kiswahili nitasoma mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mimi huo mwaka ujao naujua. Nimekuwa na wasichana hotelini kwangu waliokuwa wanarudi shule mwaka ujao, na sasa wengine wana wajukuu. Yule mwalimu mkuu wa Uganda hatalifunga darasa kumngoja mtu. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, lakini angalia, nimtikise kwa kosa gani? La kuwa na adabu?

Kesho yake nikaenda Kabuchai kwa Wangila. Nikamkuta kwenye shamba la miwa, wanapakia trekta. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama juani, yeye anatafuna muwa.

"Uje uongee na Mayi," nikamwambia. "Wewe ni mwanamume, labda atakusikia."

Akatema makapi. "Lakini Mayi hajakosea."

"Mtoto anakosa shule, Wangila!"

"Sijasema ni vizuri. Nimesema hajakosea. Mimi nikija kwako kukusaidia kuvuna mahindi, utanilipa?"

"Nikulipe nini, na unavyokula?"

"Ehe. Na ukinilipa nitakasirika, sitarudi tena kwako. Sasa unataka nimwambie Mayi nini?"

Nikamwambia hana faida, nikageuka kwenda zangu. Akanipigia kelele kutoka nyuma. "Mwambieni Mayi ukweli! Aliumia nyonga, hakuumia kichwa!"

Maneno hayo yalinikera njia yote, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nilipofika Matisi niliketi kitandani kwa Mayi na kumwambia kila kitu. Cheti, mwalimu mkuu, karo, mtihani, mama wa Misikhu na kibanda chake. Mayi hakupiga kelele. Alisikiliza akisugua ukingo wa blanketi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kwa sababu wewe ni mgonjwa."

Machozi yakamtoka. Mayi hakulia nyonga ilipovunjika, hakulia hospitalini. Siku hiyo alilia, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Nilidhani nampa heshima," akasema. "Kumbe nimemfungia mlango."

"Basi kubali nimlipe, Mayi."

"Hapana."

"Mayi!"

"Hapa nyumbani, hapana. Nikikubali, amekuwa mtumishi wangu. Mimi sitaki mtumishi. Namtaka mtoto wangu." Akageukia ukuta. "Niache nifikirie."

Nikatoka nikaenda jikoni nikalia na mimi. Nilimwonea huruma Mayi, nilimwonea huruma yule msichana, na nilikasirikia mila zote za babu zetu toka mlimani hadi ziwani. Nilijua wazi kwamba wanapendana, na kwamba kupendana kwenyewe ndiko kunakomwondoa mtoto shuleni. Sasa hapo ufanye nini?

Ijumaa ikafika. Hotelini watu wamejaa, Wabwile anagombana na sufuria zake, mimi napakua. Tuktuk ikasimama mlangoni. Kwanza akashuka Chepkirui, na siku hiyo hakuwa na maziwa. Kisha likatoka gongo. Kisha mguu.

Mayi alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Chepkirui alitaka kumshika kiuno, akausukuma mkono wake. Akaanza kutembea. Anaweka gongo, anaweka mguu, anapumua. Anaweka gongo tena. Barabara nzima inamtazama, wauza viatu, watu wa pikipiki, wanafunzi, na jasho linamtiririka usoni, lakini kichwa chake kiko juu. Mteja mmoja akasimama na chai yake mkononi, akampisha kiti kando ya mlango wa jikoni. Mimi sikuweza kusogea. Nilikuwa na upawa wa maharagwe hewani, na maharagwe yenyewe yanachuruzika mezani.

Mayi akakaa. Akapumua mpaka pumzi ikamrudia.

"Phelista. Hoteli hii ni ya nani?"

"Yangu, Mayi."

"Na wewe ni wa ukoo gani?"

"Wa baba."

"Si Mmasike?"

"Mimi si Mmasike, Mayi. Mmasike ni wewe."

"Basi hapa si kwangu. Hapa ni kwa watu wengine." Akapiga gongo sakafuni. "Mtoto wa ndugu yangu akienda kufanya kazi kwa watu wengine, lazima wamlipe. Wasipomlipa nitakuja kuwagombeza mwenyewe."

Wabwile akatoa kichwa. "Rakini Mayi, Phelista si ni kama dada yake huyo..."

"Wewe pika."

Wabwile akarudisha kichwa.

"Na usiniulize nani ataniangalia nyumbani," Mayi akaendelea, "kwa sababu nyumbani sitakuwa. Mchana nitakuwa hapa. Nitachambua maharagwe, mikono yangu haijavunjika. Wewe utaniletea tuktuk."

"Mayi, kila siku? Na watu wote hawa wakikutazama?"

"Watazame. Watachoka."

Kutoka jikoni, Wabwile bila kichwa safari hii: "Na mwenye hoteri arisema hapa hakuna kazi ya nusu siku!"

Watu wote wakanigeukia. "Imeanza leo," nikasema. Nikaweka upawa chini, nikamkumbatia mama yangu mbele ya wateja, na nikalia hadharani, nani aniulize.

Nambozo alikuwa amepitia Matisi kuaga, akakuta nyumba imefungwa. Alifika hotelini anakimbia, viatu vimejaa vumbi, akidhani Mayi amepelekwa hospitali. Akamkuta ameketi na ungo mapajani, anatoa mawe kwenye maharagwe. Akaanguka magotini pale pale katikati ya viti.

"Inuka, utachafua sketi," Mayi akamwambia. "Ulinificha shida yako. Siku nyingine ukinificha nitakuchapa na hili gongo, umesikia? Mimi si jirani yako, mimi ni shangazi yako. Kibarua chako kiko hapa, ni cha Phelista. Mimi sikijui. Vaa aproni."

Nambozo alijaribu kujibu kwa Kiswahili, kikakataa. Akajibu kwa lugha yao, huku analia na kucheka. Mama wa Misikhu alipigiwa simu, akatafuta mtu mwingine. Chuoni walipoelezwa kwamba msichana amepata kazi, walikubali kumngoja hadi mwisho wa mwezi.

Hotelini alianza kwa kuosha sahani, kisha nikampa meza. Mwanzoni aliwauliza wateja, "Ungependa kula chakula gani, ndugu?" na wale wauza viatu wakawa wanajibu kwa sauti ya mtangazaji kumtania. Baada ya muda akawa anapiga kelele kama sisi, "Wabwile! Chapo mbili, madondo moja, chap chap!" Yaani chapati na maharagwe. Mayi akawa anatikisa kichwa na kusema mwalimu wake akisikia hayo atazirai. Na Mayi mwenyewe, kwa kushuka na kupanda ile tuktuk kila mchana, mguu ukaanza kupata nguvu. Wateja wakamzoea. Kuna waliokuja kula ili wapate kugombezwa naye.

Mwisho wa mwezi ukafika. Nilingoja wateja wapungue. Nikatoa bahasha kwenye droo, halafu nikasita, maana Mayi alikuwa palepale na ungo wake, hatua chache tu, na nilikumbuka uso wake wa siku ile chumbani. Nambozo naye aliiona bahasha, akaacha kufuta meza. Hakuna aliyejua aanze vipi.

Mayi akatuona. Akaweka ungo chini. Akashika gongo kwa mkono mmoja na meza kwa mwingine, akainuka nusu, na akaanza kukigeuza kiti chake. Nikataka kwenda kumsaidia, akanikataza kwa jicho. Alikigeuza mwenyewe, kidogo kidogo, akiuma meno, hadi mgongo wake ukawa upande wetu na uso ukaelekea barabarani. Akakaa. Akanyoosha shingo.

Nambozo akapiga magoti, akapokea kwa mikono miwili, akatia kwenye mkoba wake wa vitabu. Hata Wabwile alikuwa ameacha kugonga sufuria.

"Mmemaliza hayo mambo yenu?" Mayi akauliza, bado anaangalia barabara.

"Tumemaliza, shangazi."

"Utafanya mtihani?"

"Nitafanya, shangazi."

"Haya. Njoo unigeuze basi, nyonga inaniuma."